Injini ya Mashua Ikilala, Gharama ni ya Nani?



Kila injini mpya ya mashua inaponunuliwa hutolewa pamoja na kitabu chake. Ndani ya kitabu hicho kuna sura ambayo wavuvi wetu wengi huiruka. Ni ile inayoeleza namna ya kuihifadhi injini wakati wa baridi kali, maji yanapoganda. Tulipowauliza wenzetu wa upande wa Salima kwa nini hawaisomi, walicheka wakatuuliza ziwa lao limeganda lini. Nao wana haki ya kucheka. Maji ya juu ya Ziwa Malawi, hata mwezi wa Julai, hayashuki sana chini ya nyuzi 23. Baridi ya Dzaleka na ya Dowa tunaijua wote, maana usiku wa Juni mtu hulala na koti, lakini si baridi ya kuvunja chuma.

Hata hivyo sura hiyo imeanza kutugharimu fedha. Ndiyo sababu safari hii ukurasa wetu wa Kiswahili unaacha habari za mikutano na kuzungumza juu ya injini.

Kwanza tueleze kwa nini sura hiyo iliandikwa. Injini ya kufungwa nyuma ya mashua ilienea duniani kwa juhudi za fundi mmoja, Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway mwaka 1877 akahamia Marekani na wazazi wake angali mtoto. Mwaka 1909, katika mji wa Milwaukee, alianza kuuza injini ndogo yenye nguvu ya farasi moja na nusu. Mkewe, Bess, ndiye aliyeshughulikia barua na matangazo, na tunaona ni haki atajwe, kwa sababu kazi ya mama wa namna hii kwa kawaida husahauliwa. Huko Milwaukee maziwa huganda kila mwaka. Mvuvi huitoa mashua majini kabla ya barafu na hairudishi mpaka barafu iyeyuke, yaani injini hulala miezi mitano au sita. Kwa hiyo tangu mwanzo waliotengeneza mashine hii walijua kwamba itafanya kazi nusu ya mwaka na nusu nyingine italala, wakaandika maelekezo ya kuilaza.

Barafu yenyewe hufanyaje madhara? Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kiasi cha 9 kwa 100. Chupa ya soda iliyosahauliwa ndani ya friza hupasuka kwa sababu hiyo. Injini ya mashua hupozwa kwa maji ya ziwa yanayovutwa na pampu kutoka chini, yakapita kuzunguka silinda, kisha yakatoka. Injini ikisimama wima maji hayo hushuka yenyewe yakaisha. Ikilazwa vibaya hubaki ndani. Tena kuna sanduku la gia pale chini karibu na propela, ambalo hujazwa oili. Kama sili ya pale imechakaa, maji huingia na kukaa chini ya oili. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kwa maji hayo kuganda, kutanuka na kulipasua sanduku zima, nalo ni la aluminiamu, haliungwi na fundi wa kila mahali.

Baadhi ya ndugu zetu waliotoka Dzaleka wakapelekwa kukaa nchi za baridi hutuandikia. Mmoja yuko Canada, naye alipata kazi ya msimu katika uwanja wa kuhifadhia boti. Anasema kuanzia Septemba mpaka Oktoba hawapumziki: boti hutolewa majini moja baada ya moja, na zile zenye injini iliyofungwa ndani ya chombo hutiwa dawa ya rangi ya waridi inayozuia maji yasigande. Lakini injini za nje, kama zetu, anasema hazitiwi dawa hiyo. Husimamishwa wima zikamaliza maji, hubadilishwa oili ya gia, hukaushwa petroli, hupakwa oili ndani ya silinda, basi. Tukaisoma barua hiyo mara mbili. Katika kazi nne alizozitaja, ni mbili tu zinazohusu barafu. Hizo mbili za mwisho zinahusu kitu kingine, yaani kulala kwenyewe. Petroli inayokaa huharibika, na chuma kisichozunguka hushika kutu. Hayo hayahitaji barafu.

Na sisi injini zetu hulala. Tuhesabu. Kila mwezi, siku za mbalamwezi, wanaovua kwa taa hukaa nchi kavu. Kuanzia Mei mpaka Agosti upepo wa mwera huvuma Ziwa Malawi, nao ukianza unaweza kushika siku kadhaa mfululizo, mawimbi yakawa hayapitiki. Malawi hufunga nyavu za kuburura mwezi wa Novemba na Desemba ili samaki wazae. Katika Ziwa Tanganyika, wanakotoka wengi wa wasomaji wetu wa Uvira, Baraka, Fizi na Kigoma, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, miezi mitatu kamili. Hatuzungumzii hapa kama ni vema au si vema kulifunga ziwa. Tunasema tu kwamba miezi mitatu ni nusu ya ule usingizi wa Milwaukee, na injini nyingi ziliingia katika usingizi huo na petroli ndani.

Sasa tueleze jambo lililotufikia mezani.

Tajiri mmoja, mkazi wa Area 18 hapa Lilongwe, ana mashua upande wa Salima yenye injini ya farasi 40 ya kuchanganya oili na petroli. Mwezi wa Mei, mwera ulipozidi, aliogopa wezi akaagiza injini ipandishwe mjini. Hilo si ajabu. Matajiri wengi hufanya hivyo, maana ni kilomita 100 tu, na injini ni mali inayobebeka. Mabaharia waliifungua wakaipakia kwenye pikapu iliyokuwa na magunia ya mahindi. Ikalazwa juu ya magunia, sehemu ya propela ikiwa juu na kichwa kikiwa chini. Kule Area 18 ikashushwa vilevile, ikalazwa ghalani, tangi lake la petroli likiwa nusu pembeni yake. Mlango ukafungwa mpaka Agosti.

Agosti injini ilirudishwa ziwani ikakataa kuzunguka. Kamba ya kuwashia ilivutwa na watu wawili, haikusogea. Tajiri akasema mabaharia ndio walioiharibu kabla ya kumpa, na kwamba gharama yote itakatwa katika mgawo wao. Wanachama wetu saba walikuwa kwenye mashua hiyo. Kwa hesabu aliyowapa wangefanya kazi miezi miwili kwa nusu ya mgawo. Wengine wana watoto wa shule, na mmoja alikuwa amekwisha kukopa ili apitishe miezi ya mwera. Wakatuita.

Tulimwomba tajiri jambo moja tu, kwamba injini isifunguliwe mpaka pande zote mbili ziwepo, naye alikubali. Fundi tuliyemtaka ni mtu wa Fizi aliyeanza kazi hii kandokando ya Ziwa Tanganyika akiwa kijana. Zamani alikuwa na kibanda hapahapa Area 18. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi warudi kambini, naye alirudi Dzaleka, na tangu hapo kazi inamfuata yeye. Basi injini ikapakiwa tena, safari hii ikiwa imesimamishwa wima na kufungwa kamba, ikapelekwa Dzaleka, kiasi cha kilomita 45. Tajiri alikuja, nahodha alikuja, na sisi wawili wa chama tulikuwepo.

Fundi alianza chini. Alifungua skrubu ya sanduku la gia na oili iliyotoka ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hiyo ni dalili ya maji. Akavua propela, na nyuma yake, juu ya mti wa propela, tukakuta uzi wa nyavu umejizungusha na kukaza mpaka umekata sili. Nahodha alinyamaza. Uzi huo haukuingia ghalani Area 18, uliingia ziwani, na mwenye kuvua propela na kuutoa ni mtu wa kwenye mashua. Kama injini hiyo ingekuwa kwa ndugu yetu wa Canada, sanduku lingekuwa limepasuka na hadithi ingeishia hapo. Hapa joto letu lilitusamehe. Gia zilikuwa na kutu kidogo tu.

Kisha akapanda juu. Alipotoa plagi, silinda ya juu ilikuwa ina unyevu wa kawaida. Katika silinda ya chini ringi za pistoni zilikuwa zimeganda kwa kutu. Alitueleza kwa kuinua mkono wake na kuuinamisha: injini ikilazwa kichwa chini, maji yaliyobaki katika njia za kupozea na katika bomba la moshi hurudi kuelekea kwenye silinda, na yakiingia hapo hayana pa kutokea. Kwa miezi mitatu yalikaa pale. Kabureta nayo ilikuwa imejaa ukoko wa kijani, matundu yake madogo yameziba kabisa.

Mwisho akalileta lile tangi. Alimimina petroli katika chupa nyeupe akaiweka juani. Baada ya muda tuliona chini ya chupa kuna tabaka jingine, zito kidogo, lililojitenga na petroli iliyo juu. Tajiri alidhani aliuziwa petroli iliyotiwa maji. Huenda, wafanyabiashara wa madumu tunawajua. Lakini kuna sababu nyingine ambayo kila mvuvi wa Malawi anapaswa kuijua. Tangu mwaka 1982 nchi hii inatengeneza spiriti kutokana na sukari huko Dwangwa, kandokando ya ziwa lenyewe, na spiriti hiyo huchanganywa na petroli, kwa miaka mingi kiasi cha 10 hadi 20 kwa 100. Ni jambo jema kwa nchi isiyo na visima vya mafuta. Kwa injini inayofanya kazi kila siku halina shida kubwa. Lakini spiriti hupenda maji. Tangi likiwa nusu, ile nusu nyingine ni hewa, na hewa ya usiku wa Juni inapopoa hutoa umande kwenye kuta za tangi. Spiriti huunywa umande huo usiku baada ya usiku. Ukizidi, spiriti na maji hujitenga na petroli vikashuka chini, mahali hasa ambapo mpira wa petroli huvuta. Mchanganyiko huo ndio unaokula aluminiamu ya kabureta na kuacha ukoko ule.

Kwa hiyo baridi yetu nayo ina madhara, ingawa haipasui chuma.

Tuliketi palepale nje ya kibanda tukagawa makosa. Sili na oili ya gia vilitokana na uzi, na uzi ni wa kazi, hivyo vikalipwa katika gharama za mashua kama petroli inavyolipwa, kabla ya kugawana. Ringi, usafishaji wa silinda na kabureta vilitokana na kulazwa vibaya na kuachwa na petroli. Tajiri alisema ni mabaharia walioilaza kwenye pikapu. Ni kweli walipakia wao. Lakini pikapu ilikuwa yake, magunia yalikuwa yake, ghala lilikuwa lake na ufunguo wa miezi mitatu alikuwa nao yeye. Injini ikilazwa vibaya kwa saa tatu, ukiisimamisha usiku uleule maji hutoka. Tulibishana mpaka jua likainama. Alikubali kulipa sehemu hiyo, na akalipa, ingawa kwa kuchelewa sana, na wawili katika wale saba walikuwa wamekwisha kwenda mashua nyingine kwa kuchoka kungoja.

Kutokana na shauri hilo tumemwomba fundi atueleze kazi ya kuilaza injini, hatua kwa hatua, nasi tunaiandika hapa jinsi alivyoifanya mbele yetu.

Injini iwashwe mara ya mwisho ikiwa wima ndani ya pipa la maji safi, ifanye kazi dakika kumi hivi ili mchanga na matope ya ufukweni yatoke. Wenzetu wa pwani, wanaovua baharini, hili kwao si la mwisho wa msimu tu bali la kila siku, kwa ajili ya chumvi. Usiiwashe nchi kavu bila maji hata kidogo. Kuna watu hupenda kuiwasha ghalani ili wasikie sauti yake. Pampu ya maji ina mapezi ya mpira yanayopozwa na maji yaleyale, na bila maji huungua kwa muda mfupi sana.

Ikiwa bado inanguruma, chomoa mpira wa petroli. Iache ivute kilichobaki mpaka izime yenyewe. Wakati inakaribia kuzima, fundi alitia oili safi ya injini matone kwa matone katika mdomo wa kabureta, moshi mweupe ukatoka mwingi. Ndipo oili inapofika mahali ambapo mkono haufiki, kwenye beringi za krenki. Baada ya kuzima alifungua skrubu ndogo chini ya kabureta, na bado yakatoka matone kadhaa. Hayo matone, alisema, ndiyo yanayozaa ukoko.

Kisha plagi zitolewe. Kila silinda hutiwa kijiko kimoja cha chai cha oili safi, na kamba ivutwe polepole mara nne au tano ili oili ienee, huku swichi ya kuzimia ikiwa imekatwa na petroli ikiwa mbali. Plagi zirudishwe zisije zikaingia vumbi na mende. Usiizungushe injini kinyume, maana mapezi ya pampu yamekunjwa kuelekea upande mmoja.

Oili ya gia hubadilishwa kabla ya kulala, si baada ya kuamka. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kufikiri kwamba oili mpya itachakaa bure. Ukibadilisha kabla, utayaona maji mapema na kutengeneza sili wakati una nafasi. Fungua skrubu ya chini kwanza, halafu ya juu, oili itoke yote. Kujaza hujazwa kwa tundu la chini, kwa kusukuma, mpaka oili itokee tundu la juu. Ndipo ufunge la juu kwanza na la chini baadaye. Ukijaza kutoka juu hewa hunasa ndani na sanduku huonekana limejaa kumbe ni nusu. Washa ndogo za skrubu hizo ziwe mpya. Ni vitu vya bei ndogo sana.

Propela ivuliwe, uzi uondolewe, mti wake upakwe grisi. Mahali pengine pa grisi, pale inapogeukia na pale inapoinamia, pasisahauliwe.

Halafu isimamishwe. Mbao mbili na miguu minne zinatosha kutengeneza kibao cha kuifunga wima. Ifunikwe kwa kitambaa au turubai ambalo linapitisha hewa chini. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa hushika umande ndani, na hilo ni baya kuliko kuiacha wazi. Iangaliwe panya, kwa sababu hupenda kujenga chini ya kifuniko cha juu na kutafuna nyaya.

Petroli iliyochanganywa na oili isihifadhiwe. Itumike katika safari za mwisho, au wauziwe wenye pikipiki zinazotumia mchanganyiko huo, au igawiwe. Kama lazima ihifadhiwe iwe haijachanganywa, katika chombo kilichojaa na kufungwa vizuri, chenye kivuli, wala kisiwe ndani ya nyumba wanamolala watu. Hili tunalisema kwa nguvu kwa wenzetu wa Dzaleka, ambako nyumba zimebanana na jiko la makaa huwashwa chumba kilekile. Mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa chini sakafuni, nao huufikia moto kabla hujausikia kwa pua.

Wenye injini mpya za aina nyingine, zile zenye oili yake mbali kama gari, waibadilishe oili hiyo pia kabla ya kulala. Oili iliyotumika ina asidi inayokula beringi zikiwa zimetulia. Na matone ya oili katika kabureta hayafai kwa kila injini. Zile zisizo na kabureta kabisa zifuate kitabu chake.

Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Fundi alitumia oili ya gia chupa moja, oili ya injini chini ya nusu lita, grisi kidogo na washa mbili. Linganisha na ringi za pistoni na siku za kungoja.

Siku ya kuamka plagi zitolewe na kufutwa, petroli iwe mpya, na injini iwashwe majini. Itatoa moshi mwingi mwanzoni kwa sababu ya oili iliyotiwa, asiogope mtu. Jambo la kutazama ni yale maji yanayochuruzika kwa nyuma. Yasipoonekana upesi, zima. Huenda mpira wa pampu umekauka, au nyigu amejenga udongo ndani ya tundu. Tumeona lote mawili.

Sasa tuje kwenye mapatano, maana injini nyingi haziharibiki kwa ujinga, huharibika kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba kazi ya kuilaza ni yake. Tajiri hudhani nahodha amefanya. Nahodha hudhani tajiri atapeleka kwa fundi. Baharia wa kawaida, ambaye mgawo wake ndio utakaokatwa, haulizwi kabisa.

Tunapendekeza kila mashua yenye wanachama wetu iandike karatasi moja kabla ya mwera, na tena kabla ya kufungwa kwa msimu. Karatasi hiyo iseme mambo machache. Oili, grisi na washa za kuilazia injini zitolewe katika gharama za pamoja, kama petroli. Asubuhi ile ya kazi ihesabiwe kuwa ni siku ya kazi, na mabaharia wanaoifanya wapate posho ya chakula, kwa sababu tajiri mwenyewe hakai na njaa anapotengeneza mali yake. Siku ya kukabidhi, oili ya gia itazamwe mbele ya pande zote na rangi yake iandikwe. Iandikwe pia kwamba tangi ni tupu na kwamba injini imekabidhiwa ikiwa wima na inazunguka kwa mkono. Aipokeaye atie sahihi. Tangu hapo mpaka irudi, madhara yatakayotokea ni ya aliye nayo, awe tajiri, awe nahodha, awe mlinzi wa ghala.

Tajiri wa Area 18 alipoonyeshwa karatasi hiyo alisita kwenye sehemu ya posho. Alisema kazi ya asubuhi moja haiwezi kuitwa siku ya kazi. Tukamkumbusha kwamba kutoka majumbani mwa mabaharia mpaka ufukweni na kurudi, siku imekwisha. Hatukuafikiana juu ya hilo. Aliweka sahihi kwenye mengine yote, na la posho limeachwa wazi mpaka mkutano wa Aprili, kabla mwera haujaanza tena.

Nakala za karatasi hiyo, kwa Kiswahili na kwa Chichewa, ziko kwa makatibu wa matawi. Wasiojua kuandika wasione haya. Waje na nahodha wao nasi tutaandika pamoja nao.